Ushauri: jina la ukoo Birtwistle lilianzia wapi hasa?

Mpekuzi: Wakuu, naandaa makala kuhusu Harrison Birtwistle, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Accrington, Lancashire, mwaka 1934. Kuna wanaodai jina hilo maana yake ni "mluzi wa ndege". Niandike hivyo? Na nitaonyeshaje lilivyosambaa Uingereza?

Bi Nyaraka: Usithubutu. Huo mluzi umetokana na tahajia za baadaye tu, kama Birdwhistle. Ni jina la mahali: kitongoji kilichokuwa karibu na Padiham, ambacho sasa hakipo. Katika Kiingereza cha Kale, *bridd* ni kinda la ndege na *twisla* ni panda ya mto. Angalia Entwistle na Oswaldtwistle za hukohuko Lancashire, zina *twisla* ileile. Toka Padiham hadi Accrington hazifiki kilomita 10, kwa hiyo mtunzi wako alizaliwa mlangoni pa jina lake.

Daftari la Kale: Kwa usambaaji, anza na sensa ya 1881, iko kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch, bure ukijisajili. Tafuta kwa nyota, inayosimama badala ya herufi zozote: B\*rtw\*s\*l\*, kisha rudia kwa B\*rdw\*s\*l\*. Usimalizie kwa "le", Birdwhistell itakuponyoka. Hesabu watu kwa kila kaunti, halafu gawanya kwa idadi ya wakazi wake. Wengi hukosea hapa: wanachora ramani kwa hesabu ghafi, London inang'aa kwa sababu tu ina watu wengi.

Mpekuzi: Asante. Mbona kwenye faharasa ya usajili wa watoto waliozaliwa karne ya 19 siioni Accrington?

Daftari la Kale: Faharasa inaandika wilaya ya usajili, si mji. Accrington ilikuwa chini ya Haslingden, Padiham chini ya Burnley. Halafu robo ya mwaka inayoandikwa humo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kumsajili mtoto, hivyo mtoto wa Desemba mtafute pia kwenye robo ya Machi (Januari hadi Machi).

Bi Nyaraka: Usajili wa serikali ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, na Padiham ilikuwa ndani ya parokia kubwa ya Whalley, basi pekua vitabu vya Padiham na vya Whalley. Ukitumia sensa ya 1841, umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida uliteremshwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake: mtu wa miaka 34 utamkuta ana 30. Usimfute ukidhani ni mwingine.