Naomba ushauri: chembe za jeli zinapasuka mapema kwenye pH 6.8

Wakuu, habari za kazi. Nafanya mradi wa mwisho wa famasia: chembe za jeli ya alginati (utomvu wa mwani) zinazobeba diklofenaki (dawa ya maumivu), zipite tumboni salama ziachie dawa kwenye utumbo. Nadondosha mchanganyiko kwa sindano ndani ya kalsiamu kloridi 2%, na zinaganda vizuri tu.

Kwenye asidi ya pH 1.2, kama ya tumboni, zinatulia saa mbili nzima. Nikizihamishia kwenye bafa ya fosfeti (myeyusho unaotunza pH isibadilike) ya pH 6.8, kama ya utumbo, zinavimba kama maharage yaliyolowekwa, zinapasuka, na dawa karibu yote inatoka ndani ya saa moja. Nataka angalau saa sita.

Nahisi fosfeti inanyang'anya kalsiamu iliyoshikilia jeli. Je, nizivike kitosani (polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa), au kwanza nipime kwenye bafa isiyo na fosfeti? Kitosani ninayo kidogo, na bei yake mnaijua.

Jingine: diklofenaki yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye asidi. Sasa nitamthibitishiaje msimamizi kwamba kinachoizuia kule ni jeli, si tabia ya dawa? Nibadili dawa? Aliyewahi kupita hapa anisaidie, hasa kiasi cha kitosani na pH ya kuiyeyushia.