Filamu ya vikaragosi kuhusu manamba wa mkonge, naombeni mawazo

Chumbageni_Kwetu:
Habari za jioni wakuu. Niko hapa Tanga, nataka kufanya filamu fupi ya stopmosheni, zile unamsogeza kikaragosi kidogo unapiga picha, unamsogeza tena unapiga, dakika tatu tu. Stori ni manamba, wale vibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge enzi za mkoloni, hakuna maongezi ni kazi mwanzo mwisho, na kadiri wanavyokata majani na wenyewe wanaisha, kidole kinadondoka, mgongo unachanika, mpaka mwisho wanaingizwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi. Najua ni nzito, watoto wasiione. Sasa huo uozo nautengenezaje? Niliwaza vichwa viwe matunda kweli yaoze mbele ya kamera. Natumia simu na stendi, hela hakuna.

fundi_bgy:
Matunda sahau kabisa mkuu. Sekunde moja ni picha 24, hata kila mkao ukiupiga mara mbili bado mikao 12, dakika tatu ni mikao 2160, na embe halikusubiri, ukirudi asubuhi limeshabonyea na nzi wamelitembelea, shoti ya leo haiungani na ya jana. Mifupa weka waya wa alumini, nyama sponji ya godoro, ngozi karatasi na gundi, alafu kila mtu mtengenezee vichwa kadhaa vya hatua tofauti za kuoza unabadilisha tu. Miguu ishikize kwa pini kwenye ubao. Madirisha ziba, mwanga wa simu ufunge usijipangie wenyewe la sivyo picha itamwekamweka vibaya. Kama unataka mzoga wa kweli basi uwe mkavu, kuna jamaa Starewicz kule Lithuania mwaka 1910 alichukua mbawakawa waliokufa akawafunga miguu ya waya kwa nta, wakapigana kwenye filamu kama wazima.

Mjukuu_wa_Manamba:
Wazo zuri ila hapo kwenye korona umeniangusha, mtu kusagwa ni rahisi mno, kila anayetaka kutisha anafanya hivyo. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge Muheza, na alichokua anasimulia hakikua damu, ilikua kadi ya kipande. Unafanya kazi siku 30 ndo unahesabiwa mwezi, na mnyapara akisema mzigo haukutimia siku hiyo haiandikwi, umekata bure na utomvu umekuwasha bure. Onyesha hiyo kadi karibu kabisa, kidole kinachoiandika kisafi, kinachoipokea kimeoza. Alafu uozo mbona unao tayari, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, kilichobaki chote korona inakitema nje kinachachuka, aliyepita jirani na kiwanda anaijua ile harufu. Korona yenyewe iache iwe safi inang'aa, inapakwa grisi kila asubuhi, watu ndo hawapakwi kitu.
Na kama unatafuta pa kuanzia, 1893 yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida, iliyofika huku hai ni 62. Anza na hiyo 62 mezani, wanaitunza kama mayai.

Mama_Makorora:
Hiyo ya kadi jamani 😢 Mimi nasema mnyapara asiwe kikaragosi, awe mkono wako wewe mwenyewe, si ndo unaowasogeza? Uache uonekane. Alafu nauliza tu mwanangu, hao vijana watakaokushikia taa usiku kucha unawalipa shingapi?

Chumbageni_Kwetu:
Mama umenishika pabaya 😂 nauli na chai ipo, mengine tutaongea. Mjukuu, korona nimeitoa, kadi ndo inakua mwisho. Mkono nao naujaribu ila naogopa utafanya watu wacheke. Singa za mkonge kwa ajili ya nywele naweza kuzipata wapi bila kuingia shamba la mtu?

Mjukuu_wa_Manamba:
Nenda kwa wasuka kamba, mabaki wanatupa. Wakicheka mkono ukitokea mara ya kwanza waache wacheke, ukitokea mara ya kumi uone.