Acheni kutuuzia uongo kwa jina la Wastoiko

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Januari tulimzika mdogo wangu, fundi rangi. Nilisimama kaburini macho makavu, nikatupia udongo wangu, nikarudi nyumbani kusimamia chakula cha wageni. Watu wakanipa mkono: "Umejikaza kiume, kaka." Usiku huohuo jamaa mmoja akarusha kwenye grupu letu ile video ya sanamu yenye ndevu na sauti nzito, eti mwanaume wa kweli hahisi kitu, ndivyo Wastoiko, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, walivyofundisha. Nikaimeza nzimanzima. Miezi minne mama alikuwa akinipigia usiku, "Baba, umelala?", namjibu niko sawa mama, huku nimekaa sakafuni nimeshika ovaroli la marehemu, rangi ya krimu imekauka magotini.

Halafu nikaamua kuwasoma wenyewe. Hawa ni Wastoiko walewale wa Matendo 17, waliojibizana na Paulo kule Athene. Nimetafuta hilo fundisho la kutohisi, sijaliona!

Epictetus, Mstoiko aliyewahi kuwa mtumwa, anasema wazi kwamba hatakiwi kuwa mkavu kama sanamu. Ana wajibu wake kama mwana, kama ndugu, kama baba. Nanyi mnamtangazia kwa picha ya sanamu! Seneca, Mstoiko wa Kirumi, katika kitabu chake kuhusu hasira, anaeleza kwamba kuna mishtuko isiyomwomba mtu ruhusa: ukimwagiwa maji ya baridi utatetemeka, ukipata habari mbaya nywele zitasimama. Na kwenye barua kwa rafiki yake Lucilius aliyefiwa, anakiri kwamba yeye mwenyewe alimlilia marehemu rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi. Hakujisifu kwa hilo, aliliona kosa. Lakini aliliandika, na leo tunalisoma.

Kinachoniuma zaidi ni kisa alichoandika Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi. Wako melini, dhoruba kali, na mwanafalsafa wa Kistoiko aliyekuwemo anageuka rangi kwa hofu kama abiria wengine. Bahari ilipotulia tajiri mmoja akamcheka. Gellius yeye akamuuliza mwanafalsafa kwa heshima kwa nini aligeuka rangi, naye hakukana. Alitoa kitabu cha Epictetus mkobani akamwonyesha: hata mwenye hekima moyo utamruka kwanza. Kazi inaanza baada ya hapo, pale unapojiuliza kama hicho unachojiambia ni kweli.

Sasa niambieni, utajiulizaje juu ya kitu ambacho umeshaapa hakipo? Mimi sikuituliza huzuni. Niliidanganya, nikamdanganya na mama. Huo ni woga, na nyinyi mmeuvalisha joho la Kirumi mnauza kozi.

Mwezi uliopita alipopiga nikamwambia, "Mama, siko sawa." Kimya. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha: "Hata mimi, baba. Nilikuwa naogopa kukuangusha." Miezi minne tulikuwa tunafichana, kila mmoja na simu yake sikioni, na hiyo miezi hairudi.

Kwa hiyo wewe unayerusha hizo video, usiniletee picha nyingine. Niambie ni Mstoiko gani alisema mwanaume hahisi, na katika kitabu gani. Kama huna, ifute kabla haijamfikia kijana mwingine aliyetoka kuzika.