Kodi ya hoteli Houston: barua yetu ya 501(c)(3) imekataliwa mapokezi

MamaWawili_Ohio
Habari zenu ndugu. Nafanya kazi katika shirika dogo lisilo la faida hapa Ohio, tunapokea familia za wakimbizi. Mwezi uliopita nilitumwa mafunzoni Houston, nikalala hotelini siku tatu, dola 120 kwa usiku. Nilipofika mapokezi nikatoa barua yetu ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ile ya 501(c)(3) inayotutambua kama shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato, nikaomba waniondolee kodi. Kijana wa zamu akaisoma, akanirudishia, akasema haifai. Nikamwomba basi anipe bei ya serikali, maana mradi wetu unaendeshwa kwa ruzuku ya serikali kuu. Nayo akakataa. Siku ya kuondoka bili ikaja na kodi ya dola 61 na senti 20. Kwetu hizo ni nauli za basi za watu wanaohangaika kutafuta kazi. Je, nilionewa? Naweza kurudishiwa?

ZamuYaUsiku
Pole sana dada. Nimekaa mapokezi miaka sita, Texas hukohuko, na swali lako nilikuwa nalisikia karibu kila wiki. Hukuonewa, ila hukuelezwa, na hilo linaniuma kwa sababu kueleza ndiyo kazi yetu.

Bei na kodi ni mambo mawili tofauti. Bei ni ya hoteli. Kile wanachokiita bei ya serikali hufuata posho ya malazi ya watumishi wa serikali kuu, inayopangwa na idara yake iitwayo GSA kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba. Miji mingi mikubwa ina kiwango chake. Kwingineko, mwaka wa fedha wa 2025, kilikuwa dola 110 kwa usiku, kodi haimo. Hakuna sheria inayoilazimisha hoteli kuuza chumba kwa bei hiyo. Inayokubali itataka kitambulisho cha serikali au barua ya safari ya kikazi, na kufanya kazi kwa ruzuku hakukufanyi mtumishi wa serikali. Piga simu kabla ya safari, zungumza na watu wa mauzo, uliza kama wana bei ya mashirika. Mkiwa mnaleta watu mara kwa mara, mara nyingi watawasikiliza.

Kodi sasa. Houston ni asilimia 17: sita za jimbo, saba za jiji, mbili za Kaunti ya Harris, mbili za mamlaka ya viwanja vya michezo. Mashirika ya hisani, ya dini na ya elimu husamehewa zile sita tu. Kwa hiyo katika dola zako 61.20, uliyoweza kuokoa ni 21.60. Na hata hizo, barua ya IRS peke yake haizifuti. Shirika linatakiwa liwe limekubaliwa na ofisi ya kodi ya Texas, inayoitwa Comptroller, na ofisi hiyo iwe imelipatia shirika barua ya msamaha wa kodi ya hoteli.

Ukiwa nayo, unajaza fomu 12-302, ile ya Texas ya msamaha wa kodi ya hoteli. Nilikuwa na rundo lake kwenye droo chini ya printa. Mgeni anaandika jina la shirika, anatia alama kwenye kisanduku cha hisani, anasaini. Mimi namwomba kitambulisho na kadi ya kazi, halafu hoteli inaitunza fomu miaka minne. Watu walikuwa wanampigia mhasibu wao saa tano usiku wakitafuta namba ya msamaha, kumbe fomu yenyewe imeandikwa kwamba haihitaji namba.

Msafiri_Kikazi
Naongezea, maana mimi ni mtumishi wa serikali kuu na nazunguka. Kila jimbo lina lake. Texas inanisamehe kodi yote, ya jimbo na ya jiji. Kwingine inategemea kadi ya malipo niliyopewa kazini: ile inayolipwa moja kwa moja na idara husamehewa kodi ya jimbo kote, ile ninayoilipa mimi kisha nirudishiwe inasamehewa majimbo kadhaa tu. New York wanataka fomu ST-129. California haina kodi ya hoteli ya jimbo, ni kila mji na yake. Dada, mkienda Florida muwe waangalifu: shirika liwe na cheti cha Florida na lilipe lenyewe. Ukilipa kwa kadi yako, hata ukirudishiwa kesho yake, kodi unalipa.

MamaWawili_Ohio
Asanteni mno. Nimemuuliza mhasibu wetu, barua ya Texas hatuna wala hatukujua ipo. Tuna watu wawili wanaokwenda Houston tena Machi, kwa hiyo ameanza kujaza maombi leo. Vyumba nivibuku sasa kwenye tovuti za safari, au nisubiri?

ZamuYaUsiku
Usivilipie huko. Ukishalipa kupitia tovuti ya kati, kodi inakuwa imeingia kwenye malipo yao na mapokezi hatuna pa kuitoa. Piga hoteli moja kwa moja, shika vyumba kwa masharti ya kuweza kufuta, na fomu waende nayo mkononi imeshasainiwa.