Naomba ushauri, nataka kusimulia wazi kuhusu PCOS yangu
Habari zenu wapendwa, mimi nina PCOS, yaani homoni za kiume zimezidi na mayai hayapevuki inavyotakiwa, hedhi inapotea miezi kisha inakuja nzito, chunusi, ndevu kidevuni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kama wanayo na hii inaniuma sana jamani, wasichana wanaambiwa tu wapunguze kula wakati hata wembamba wanaipata. Nataka nisimulie yangu hadharani ili wengine wawahi kupima ila mume wangu anaogopa ndugu wataniita tasa, na si kweli, wengi tu wanazaa wakitibiwa. Mliowahi kujitokeza familia mliiandaaje? Na picha ya ndevu niweke au maneno yanatosha?