Naomba ushauri: LineageOS yenye Google au yenye microG kwa Pixel 4a?

Wakuu, naombeni ushauri kwa waliozoea kubadili mfumo wa simu. Simu ni Pixel 4a (sunfish), RAM GB 6. Google iliiacha kwenye Android 13 mwaka 2023, viraka vya usalama vikakoma. Romu (mifumo mbadala ya simu) za mapambo sizitaki. Zimebaki mbili, zote za LineageOS (mfumo huria unaotokana na Android): LineageOS yenye MindTheGapps (kifurushi cha programu za Google), au LineageOS for microG (microG ni mbadala huria wa huduma za Google).

Hatua zenyewe si tatizo. Unagusa "Build number" mara 7, unawasha "OEM unlocking" (zile zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, hapo ndipo safari inapoishia), kisha kwenye kompyuta amri ya fastboot flashing unlock, ambayo inafungua butiloda (programu inayowasha mfumo wa simu) na kufuta kila kitu. Unaweka rikava (mfumo mdogo wa kusakinishia), unafomati data, unapitisha romu kutoka kompyuta kwa amri ya adb sideload. Kompyuta ikigota 47% msichomoe waya, mara nyingi kazi imekwisha salama. Kabla ya MindTheGapps lazima uwashe rikava upya, maana simu ina sehemu mbili za mfumo na romu imeingia ile ya pili. Ukiacha simu iwake kwanza bila Google, itabidi ufomati tena.

Ninapokwama ni hapa: butiloda ikiwa wazi, ukaguzi wa Play Integrity (Google hupima kama simu haijachezewa) hukwama na programu nyingi za benki hugoma. Je, kwa microG hali ni mbaya zaidi, au ni yale yale? Arifa za WhatsApp zinafika kwa wakati? Na betri hii ya mAh 3140, ipi inaila taratibu? Mwenye kuzitumia zote mbili aniambie, tafadhali ataje na toleo.