"Majani si yanaota tu?" Kasema KWENYE MAIKI wakuu

Wakuu sina nguvu hata ya kusalimia. Mnamjua, simtaji, yule mdhamini wa kombe la mbuzi ambaye mbuzi mwenyewe anapungua kilo kila msimu mpaka safari iliyopita mabingwa wamebeba kitu saizi ya sungura. Jana kaingiza Fuso uwanjani kwetu. Na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wanaomba hifadhi.

Ule uwanja ulikuwa jangwa, ukianguka unaacha nusu ya paja pale pale. Mimi na madogo wanne tumepanda ukoka kwa mikono, kipande kimoja kimoja, kila sentimita 20, goli mpaka goli, tukamwagilia kwa madumu, mgongo wangu sasa hivi una umri wa babu yangu. Kukata tunakata kwa adabu, hatuzidishi theluthi moja ya urefu kwa mpigo, sio unafyeka mpaka udongo unaonekana halafu unauliza mbona pamekuwa njano. Ndago, lile gugu sugu, nimeichimba kwa kisu mpaka kwenye kile kinundu chake cha chini maana ukikiacha hicho umeikata nywele tu. Mke wangu kashasema hajawahi kuangaliwa ninavyouangalia ule uwanja.

Sasa Fuso limejaa viti na maturubai, limekatiza toka kona mpaka duara la kati, limeacha mifereji miwili unafuga kambare. Majiko ya kuni ya pilau yamewekwa wapi? Ndani ya boksi, sufuria kubwa kuliko zote iko JUU YA ALAMA YA PENATI. Nikamfuata kwa heshima zote, shikamoo mzee, naomba gari litoke maana udongo umelowa, ukishindiliwa hivi mizizi inakosa hewa. Akaniangalia kama nimemuomba figo. Akachukua maiki. Nipo mita moja kutoka kwake wakuu, MITA MOJA, maiki ya nini?

"Kijana, majani si yanaota tu?"

Watu wakacheka. DJ akapiga king'ora. Kuna bibi mmoja alikuwa anachambua mchele naye akacheka, bibi ambaye namnunulia sukari mimi.

Yanaota tu. Kwa spika nne. Sijalala mpaka sasa hivi, nikifumba macho nasikia mwangwi, tu tu tu tu.

kambi_popote: Nimekaa siti ya mbele. Ila uzi bila picha ni umbea, tuwekee hiyo mifereji.

Dogo Kiraka: Mkuu pole sana, umeonewa. Ila kwani hayaoti?

mtunza uwanja (mleta uzi): Wewe ndo ulikuwa DJ.

Mama Bustani: Afadhali wewe umeharibiwa na tajiri. Mimi fundi niliyemlipa mwenyewe! Kisima chetu kina chumvi nikaambiwa nipande nyasi za paspalam ndo zinavumilia, kweli zinavumilia, lakini alichoniletea nusu ni ndago. Nikamwambia basi niondolee ndago, nikaenda msibani, kumbe kapulizia raundapu, ile dawa inayoua kila jani, bustani nzima. Narudi kila kitu rangi ya kahawa. Ananiambia si mama ulisema nitoe ndago? Na cha kwanza kurudi kuota ilikuwa ndago yenyewe.

kambi_popote: Hahahaha ndago haina mpinzani.

Fundi Si Mimi: Wa kwangu karusha mbolea ya urea saa saba mchana juani na hakumwagilia hata kikombe. Kila konzi ilipodondokea pameungua. Wageni wanauliza nafuga chui?

Mnazi Mkavu: Mnalia na viwanja vya mtaani wakati uwanja wa Mkapa wenyewe 2025 CAF, shirikisho la soka Afrika, waliuzuia kwa ajili ya pitch, na marudiano ya fainali ya Simba na Berkane ya Morocco yakaishia kuchezwa Amaan kule Zanzibar.

Damu ya Kijani: Hata mngechezea kwenye zulia msingechukua.

Mnazi Mkavu: Nyie tangu lini mnajua habari za fainali za mwaka huo? Ulikuwa unaangalia kwa nani?

mtunza uwanja: Jamani Simba na Yanga zina nyuzi zao. Hapa mtu kaongea kwenye MAIKI.

Mzee wa Pembeni: Kijana, punguza hasira. Usiuguse ukiwa na tope. Ukianza kukauka toboatoboa na uma wa bustani ili hewa iingie, mifereji ijaze mchanga na udongo, zuia watu wasipite. Walipopikia chimbua majivu upande upya. Kwingine ukoka unatambaa juu na chini ya udongo, utaziba wenyewe.

Dogo Kiraka: Wenyewe?

kambi_popote: WENYEWE????

Damu ya Kijani: Yaani mzee unataka kusema... unaota tu?

mtunza uwanja: Mods naomba mfunge uzi.

Mzee wa Pembeni: Sikumaanisha hivyo.

jirani_wa_goli: Nilitaka kukaa kimya lakini nimeshindwa. Mleta uzi jana saa tisa nilikuona na sahani, umekaa nyuma ya goli la kusini, na uliongeza.

mtunza uwanja: Nilikula kwa hasira.

jirani_wa_goli: Na kachumbari ukaomba kwa hasira?

Mama Bustani: Kwani lilikuwa pilau la nyama gani?

jirani_wa_goli: Ng'ombe, ila mchele ulikuwa bokoboko.

mtunza uwanja: Bokoboko wapi, lilichambuka lile. Kwa pilau sina kinyongo naye.

Fundi Si Mimi: Bokoboko ni chakula kingine kabisa, kina ngano, msichanganye vitu.

Mama Bustani: Asante, mwambie huyo. Halafu mwenye namba ya fundi anayeijua ndago vizuri aje PM, ila sio yule wa kwangu, mnamjua.

kambi_popote: Yule wa pikipiki nyekundu?

Mama Bustani: HUYO HUYO